Mikungu Uliyoipanda kwa Mzee Kibwana

Mpwa wangu Shomari,

Kosa wanalolifanya watu wengi, hasa sisi tuliosoma, ni kudhani kwamba ardhi isiyo na kitu juu yake haina mwenyewe. Tunaona uwazi, njia ya miguu na majani makavu, tunasema: hapa pako wazi, tupange. Hatuulizi uwazi huo unashikiliwa na nini. Huku kwetu unashikiliwa na maneno. Mtu mmoja alisema jambo, mwingine akakubali, na tangu siku hiyo pale hapapandwi mti. Ramani haina alama ya kitu kama hicho, lakini kipo, na ukikigonga utaumia.

Nakuandikia nikiwa Kisarawe. Jana nimerudi kutoka kijijini kwenu Janga. Mama yako ni mzima wa mwili. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu, maana unanijua: nimefundisha watoto miaka mingi mno, siwezi kumwambia mtu nyumba inaungua bila kwanza kumweleza moto huwa unaanzia wapi. Safari hii nitajitahidi kufupisha, kwa sababu nyumba inaungua kweli.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile nyingine uliyoikunja ndani yake ili niipeleke bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, uombe serikali ikulindie miti yako. Sijaipeleka. Ipo hapa mezani, nimeikandamiza kwa kile kipande cha jiwe jeupe cha Pugu. Jiwe hilo nadhani unalikumbuka. Uliliokota wewe.

Ulikuwa unakaa kwangu wakati ule, unasoma shule niliyokuwa nafundisha. Mvua ilikuwa imetunyeshea njiani, ikakatika ghafla, na wenzako wote wakakimbia ili wasichelewe. Wewe ulichuchumaa kwenye mteremko ukaanza kutazama maji. Nikakuita. Ukaniambia, "Mjomba, ngoja kidogo. Yanapita palepale yalipopita jana." Ukachukua jiwe hilo ukaliweka katikati ya kijito chembamba kuona maji yatafanyaje. Yakazunguka kushoto. Ukalihamisha. Yakazunguka kulia. Siku hiyo mwalimu na mwanafunzi wake tulifika shuleni pamoja, tumechelewa pamoja, na mwalimu mkuu alitutazama sote wawili kwa jicho lilelile.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba huko chuo kikuu umeacha ujenzi wa majumba, unasomea kupanga mandhari, mimi sikushangaa. Walioshangaa ni wengine. Mzee Masanja, yule mtani wetu Mnyamwezi aliyekuja Ruvu zamani kukata mkonge akaoa na kubaki Mlandizi, aliniuliza kwa sauti ya kusikika gulio zima:

"Mwalimu, ni kweli mpwa wako kavuka bahari kwenda kusomea bustani?"

"Si bustani tu," nikamwambia. "Anasomea ardhi. Maji yapite wapi, watu wapite wapi, kivuli kianguke wapi."

"Kivuli? Enyi Wazaramo! Kwetu kivuli tunakaa bure, ninyi mnakwenda kukisomea Ulaya!"

Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka. Lakini moyoni nilijivuna, kwa sababu nilikuwa nimesoma barua zako. Kuna moja uliyoandika kwamba mwalimu wenu aliwapeleka kwenye kilima, akawakataza kushika kalamu asubuhi nzima. Akasema kwanza mpajue mahali, ndipo mpaguse. Niliisoma barua ile mara mbili, kisha nikamsomea mama yako. Akasema, "Huyo mzungu ana adabu."

Sasa nikurudishe Janga, kwenye lile bonde la mpunga, kabla hata hujaanza shule.

Baba yako alipofariki, mama yako hakuwa na mahali pa kulima. Sisi ndugu zake shamba letu ni huku Kisarawe, kwenye kichanga, na mpunga haukubali. Mama yake Mzee Kibwana, Bi Chausiku, ndiye aliyempa lile bonde. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Tulikwenda mimi, mama yako, na wewe ukiwa mgongoni mwake, tukasimama ukingoni pa bonde. Bi Chausiku akatuonyesha kwa mkono: kuanzia pale penye mabua hadi njia ya kisimani. Kisha akamwambia mama yako maneno haya, ambayo ulikua ukiyasikia kila msimu wa kulima: "Lima utakacho, mwanangu. Ila usipande kitu kitakachokuzika."

Maana yake unaijua, lakini nitaieleza, kwa sababu naona umeisahau. Mpunga unapandwa na kuvunwa, mtu bado yupo. Mihogo hivyo hivyo, hata mbaazi. Lakini mnazi, mkorosho, mkungu, mti wowote utakaosimama baada ya aliyeupanda kufa, huo huku kwetu unahesabika kuwa ni shahidi. Wajukuu watauliza, huu mti wa nani? Watajibiwa, wa fulani. Basi na ardhi iliyo chini yake itakuwa ya fulani. Ndiyo maana mtu huweza kumpa mgeni bonde zima alime maisha yake yote bila wasiwasi, lakini akiona mche mmoja wa mnazi hapati usingizi. Na ndiyo maana kila mwaka, mpunga ukivunwa, mama yako hupeleka kikapu cha kwanza mlangoni kwa Mzee Kibwana, mrithi wa Bi Chausiku. Si malipo. Ni kusema: bado najua pa nani hapa.

Wewe mwenyewe ulikuwa ukikibeba kikapu hicho.

Kisha walimu wako wakakuruhusu uje nyumbani kufanya kazi ya vitendo, upange mahali halisi, upande, urudi na taarifa. Ulifika na mirija yako ya ramani, na siku ya kwanza tu ukanionyesha mchoro. Nakiri ulikuwa mzuri. Njia yote kutoka kisimani hadi gulioni, mistari miwili ya mikungu huku na huku, ile yenye majani mapana kama sahani, na katikati yake ulikuwa umemchora mwanamke aliyejitwika debe la maji. Nilimtambua kwa mwendo wake. Ulisema, "Mama amebeba maji juani tangu nizaliwe. Nataka afike nyumbani kwa kivuli."

Nilikuuliza, "Umekwenda kwa Mzee Kibwana?"

Ukasema, "Njia ni ya watu wote, mjomba."

Nikakwambia nenda. Ukasema utakwenda. Nikarudi Kisarawe nikijua utakwenda. Hukwenda. Ulipewa miche na bwana miti wa Pugu, ukaileta kwa lori, na kabla watu hawajajua kinachoendelea, mistari miwili ilikuwa imesimama ardhini, imenyooka kama askari wa gwaride.

Asubuhi ya pili yake mimi nilikuwa nimefika, wewe umesimama na kamba yako ya kupimia. Mzee Kibwana alikuja na panga. Hakulinyanyua. Alilishika tu, kama mtu anayekwenda shamba, akasimama kwenye mche wa kwanza.

"Shikamoo, mzee," ulimwambia.

"Marahaba. Nani kapanda?"

"Nimepanda mimi."

"Umepanda kwa nani?"

"Kwa watu wote, mzee."

"Watu wote ndio nani? Wana jina? Wana makaburi hapa?"

Pale ungeweza kunyamaza. Ungeweza kucheka, ukapiga goti, ukasema nisamehe baba, nimetangulia kabla ya kugonga hodi, na panga lile lingekwenda zake kufyeka majani. Badala yake ulimwambia, tena kwa upole, kama anayemfundisha mtoto: "Mzee, mti ni mti tu."

Nilimtazama. Akasema, "Mama yangu alimpa mama yako bonde. Leo mwanawe ananiambia mti ni mti tu." Kisha akageuka akaenda. Hakukata hata mche mmoja, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu akikata, hasira yake imeisha pale pale. Asiyekata ana shauri moyoni.

Siku chache baadaye ulipanda meli. Kila mtu alilia bandarini, na mambo haya hatukuyazungumza. Nilidhani muda utayapoza.

Hayakupoa. Mpunga ulipovunwa, mama yako alijaza kikapu kama kawaida akakipeleka. Mzee Kibwana alikuwa ameketi mlangoni. Akakitazama. Akasema, "Kirudishe." Mama yako akasema, "Sirudishi, kaka." Akakiweka kizingitini, akaondoka. Kikalala pale, kuku wakikizunguka, na watu wa nyumba ile wakiruka juu yake kuingia na kutoka. Habari hiyo ilinifikia Kisarawe kabla ya kikapu chenyewe kupata vumbi. Unaelewa maana yake. Kikapu kikikataliwa, bonde limerudi kwa mwenyewe.

Na juu ya hilo kuna jambo jingine, ambalo mama yako amenikataza kukuandikia. Nakuandikia.

Anaimwagilia ile miti. Kiangazi kilipoingia, miche ilianza kulegea, naye kila jioni anateka maji kisimani na kupita njia nzima akiinywesha mmoja mmoja. Nilipokwenda nilimkuta nayo, debe kichwani, kata mkononi. Nikamwambia, "Dada, kila kata unayomwaga ni ushahidi juu yako. Anayetunza mti ndiye mwenye mti. Kibwana anakuona."

Hakusimama. Alisema, "Mimi simwagilii mti. Namnywesha mwanangu."

Nilichukua debe nikamsaidia kulishusha. Upande wa pili wa njia, Mzee Kibwana alikuwa amesimama kwenye mihogo yake, anatutazama sote wawili, mimi nimeshika debe. Nikajua nimeharibu zaidi.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilijaribu kulimaliza mimi kama mjomba wako. Nikamwambia, "Kaka Kibwana, kwa niaba ya mtoto, miti hii ni yako."

Akacheka bila furaha. "Mwalimu, wewe ni mjomba wake. Kilicho chake ni cha ukoo wenu, na mkubwa wa ukoo ni wewe. Mwizi ananiambia mali aliyoichukua mpwa wake ni yangu, huku jana nimemwona kashika debe! Mwenye kupanda ana mdomo. Na aseme mwenyewe."

"Yuko mbali."

"Alipokuwa karibu alisema maneno mengi tu."

Akanieleza shauri lake. Mvua za vuli zikikaribia, kabla hazijadondoka, atang'oa miche yote, kwa sababu ikishapata mvua ya kwanza mizizi itashika. Siku hiyohiyo atampa bonde mtu mwingine, aanze kusafisha. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Alikuwa amekwisha kumpata mtu huyo.

Aliyepata neno ni Masanja. Nilimwomba aje, kwa kuwa mtani huingia pasipoingilika. Alifika akiwa amejifunga shuka kama bwana harusi, akapiga hodi bila kungoja karibu, akafika kizingitini, akainama, akakibeba kile kikapu cha mpunga kichwani, akaanza kuondoka nacho.

"We Masanja! Unakwenda wapi na hicho?"

"Nyumbani. Nimekuta kitu hakina mwenyewe. Aliyekileta kasema si chake, aliyeletewa kasema si chake. Mtani akikuta maiti anazika, akikuta mpunga anakula."

"Kiweke chini, mpagazi wewe!"

"Kwani chako?"

"Sijasema changu."

"Basi kaa kimya, Mzaramo. Rudi ukapige ngoma."

Watoto walianza kucheka uani. Mke wa Mzee Kibwana alijifunika mdomo kwa kanga. Mzee Kibwana mwenyewe alijikaza, akajikaza, kisha bega moja likatikisika. Akainuka, akamnyang'anya Masanja kikapu. Lakini hakukiingiza ghalani. Alikifunga kamba akakitundika kwenye boriti ya jikoni, juu ya moshi, mahali ambapo mtu huweka mbegu. Hajakipokea, wala hajakirudisha.

Masanja alipoona hivyo akaacha mzaha. Akakaa chini. Akauliza, polepole, "Kibwana, ndugu yangu. Unataka nini kwa yule kijana?"

Mzee Kibwana alikitazama kikapu kwenye boriti. Kisha akasema, "Nataka aseme ni yangu. Basi. Akishasema, sing'oi hata jani. Nitaipalilia mwenyewe. Unadhani mimi sipendi kivuli? Mke wangu naye anapita njia hiyohiyo na debe."

Shomari, nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, na ndiyo sababu barua yako ya Bwana Shauri bado ipo chini ya jiwe. Ngoja nikueleze kitakachotokea nikiipeleka. Bwana Shauri ni mtu mwenye heshima, na hana ubaya nasi. Atamwita Mzee Kibwana bomani. Atatuma karani aje na mnyororo wa kupimia. Atauliza nani ana hati, na hakuna mwenye hati, kwa sababu Bi Chausiku hakuwa na wino, alikuwa na neno. Huenda serikali itasema njia ni ya umma, na miti yako itabaki. Utashinda. Walimu wako watapewa picha nzuri. Na mama yako atapita chini ya kivuli hicho, katikati ya watu ambao hawatamwitikia salamu, kwenda kwenye nyumba isiyo na shamba. Hakuna mtu Janga atakayempa mjane ardhi tena, baada ya kuona kwamba ukimpa mjane bonde, mwanawe anakuletea mnyororo.

Katika barua yako umeandika kwamba ni bora miti ing'olewe kuliko kuomba ruhusa ya kufanya jambo jema. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikatoka nje. Nilitembea mpaka kwenye ule mteremko wako wa zamani. Mkondo umekauka sasa, lakini bado unapinda kushoto. Nilikumbuka jinsi ulivyolihamisha jiwe bila kugombana na maji, ukiangalia tu, ukijifunza. Mtoto yule ndiye niliyempeleka Ulaya. Sijui huyu anayeniandikia ni nani, lakini nadhani wanafahamiana.

Sikulaumu kwa mchoro. Mchoro ni mzuri, na nataka usimame. Nataka siku moja, nikiwa nimechoka kutembea, nipite chini ya majani yale mapana kutoka kisimani hadi gulioni. Hofu yangu ni kwamba umejifunza kupima kila kitu kilicho pale isipokuwa kile kimoja kilichokuwepo kabla ya vyote. Mwalimu wenu aliwaambia mpajue mahali kabla ya kupagusa. Janga unapajua. Ulikibeba kikapu mwenyewe.

Tena fikiri jambo hili, kwa sababu nadhani utalipenda. Ukisema miti ni yake, hupotezi mti hata mmoja. Itapaliliwa na mtu anayekaa pale, mwenye jembe, atakayekuwepo mbuzi wakija. Wewe uko ng'ambo ya bahari, na anayekutunzia kazi yako ni mama mtu mzima mwenye debe kichwani. Mpangaji mandhari anayejua kazi yake angemwachia nani?

Kutoka hapa naona mawingu yameanza kukaa juu ya Pugu asubuhi. Bado ni meupe, yanapita. Barua ya ndege inachukua muda wake kufika, na kutoka Dar es Salaam kuja huku inachukua muda wake pia, na Mlandizi mpaka Janga ni miguu. Nimeyajumlisha yote. Nafasi ipo, lakini ni nyembamba, na haina siku ya kutafakari.

Mama yako anakusalimu. Hajui ninachokuandikia. Aliponisindikiza barabarani alisema kitu kimoja tu: "Mwambie mikungu imetoa majani mapya." Nimekwambia. Mimi nakuaga kwa moyo mzito, lakini haujafungwa, na nakuombea afya na akili iliyotulia.

Ukimaliza kusoma mstari huu, kabla hujala, kabla hujamwuliza mwenzako yeyote, chukua karatasi, mwandikie Mzee Kibwana wa Janga kwa mkono wako mwenyewe, "Mikungu niliyoipanda ni yako," tia jina lako, na uipeleke posta leo.

Mjomba wako,
Kisarawe